Likorisi Nyekundu, Siku Moja Kabla ya Kipimo

Jumapili, 3 Novemba 2019

Kanisani baridi. Mhubiri karefusha mahubiri, peremende zikapitishwa benchi hadi benchi kama kawaida. Nje, shemeji Geneva akanibana kwenye mlango wa gari. Mavuno yamekwisha, Verlyn, akasema, usiniletee tena habari za mahindi. Kumbe keshanipangia kipimo Ijumaa – ile kamera ya utumbo. Bila kuniuliza! Nikamwambia nina nguruwe wa kulisha. Akasema nguruwe watakula hata ukifa.

Tangu saratani ya utumbo imwondoe kaka yangu Delmar, mjane wake hana kazi nyingine ila kunivizia mimi.

Jumanne, 5 Novemba

Nesi kapiga simu. Sauti ya msichana, tena mchangamfu. Alhamisi kutwa: supu ya maji matupu, juisi ya tufaha, jeli ya njano. Hakuna kutafuna. Jioni, lita nne za dawa ya kuharisha – aliitaja kana kwamba ananialika harusini. Na chochote chekundu marufuku. Rangi inabaki ndani, daktari anaidhania damu.

Nikauliza, je, mtu akijisahau? Basi tunaahirisha, Bwana Bonnema, na nafasi ya karibu ni Januari.

Januari. Nimelirudia neno hilo kwa sauti bandani. Nguruwe hawakuwa na maoni.

Jumatano, 6 Novemba

Nimenunua likorisi nyekundu, zile pipi za kamba, kituo cha mafuta. Pakiti kubwa.

Miaka hamsini na tisa na sijawahi kuitia mdomoni. Kwetu likorisi ni nyeusi, ya chumvi, inayouma ulimi. Baba alikuwa nayo mfukoni hadi siku tuliyomzika. Nyekundu ni ya watoto, na ya watu wanaokwenda sinema. Binti wa kaunta, ambaye nyanya yake alinifundisha katekisimu, akaitazama pakiti, akanitazama mimi. Una wageni, mzee? Nikasema ndiyo.

Nikimkatalia Geneva waziwazi, hatanisemesha hadi Pasaka. Lakini hospitali ikinirudisha yenyewe, mimi nina kosa gani? Mzee kajisahau. Wazee hujisahau.

Naogopa. Haya, nimeandika. Nilimwona Delmar mwishoni, amebaki masikio na mifupa, na bado anauliza bei ya soya.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeila! Mchana, ndani ya trekta, mlango nimefunga.

Ni kamba iliyosokotwa, ina tundu katikati. Nikaanza kwa kupuliza tundu, sijui kwa nini. Halafu nikatafuna. Kwanza mpira. Kisha nta. Kisha utamu fulani wa sitroberi – sitroberi iliyopita barabarani na madirisha ya gari yamefungwa. Ladha ya likorisi haimo hata chembe. Hakuna kinachouma. Mtu anaweza kula hii bila kujua kama anakula.

Ya kwanza nimekula kwa sababu ya mpango. Ya pili, kuhakikisha. Baada ya hapo sina sababu. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Ni tamu! Sisi tumekaa miaka yote hii tunanyonya chumvi na kuiita tabia njema.

Pakiti imekwisha. Nimejitazama kwenye kioo cha trekta: ulimi kama wa mtoto aliyeiba jamu.

Geneva alikuja na supu yake na lile dumu la dawa. Nilikuwa nimepanga kulimwaga, lakini akavuta kiti, akakaa mbele yangu na sweta lake la kufuma. Kunywa, shemeji, akasema, sina haraka. Nilizungumza kwa midomo iliyofumbwa nusu. Akaniuliza kama meno yananiuma. Nikanywa lote. Ladha ya bahari iliyopitiwa na limau bovu.

Inatosha, choo kinaniita.

Ijumaa, 8 Novemba

Chumba cha kungojea. Geneva yuko pembeni, anafuma.

Asubuhi, chooni – nyekundu. Si nyingi. Nilisimama nikaitazama kwa muda mrefu.

Ni likorisi. Pakiti nzima, ingekuwa nini tena? Nikavuta maji. Halafu nikakaa juu ya kifuniko, na wazo likanijia, likagoma kuondoka: nisingeila, ningeona nini? Sijui. Siwezi kujua. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia na ndoo.

Ndani ya gari nikamwuliza Geneva, kijuujuu tu, ilianzaje kwa Delmar. Hakugeuka. Akasema: aliona wekundu, akaniambia ni bitiruti zangu za siki. Nikaacha kumpikia bitiruti. Hakuniambia kwamba wekundu haukuacha. Kisha akawasha vipangusa vya kioo, na mvua haikuwapo.

Nesi kaja na maswali yake. Ndiye yule wa simu, sauti ileile. Nani atakurudisha nyumbani? Shemeji. Una mzio wowote? Hapana. Umekula chochote chekundu?

Hili ndilo swali nililolinunulia pakiti. Jibu nilikuwa nalo tayari, hata sura ya kulisemea. Ndiyo, nesi, nimejisahau, pole sana, tuonane Januari.

Nikasema ndiyo. Likorisi. Pakiti nzima, kwa makusudi. Sindano za Geneva zikasimama.

Nesi akaanza kusema basi, Bwana Bonnema, itabidi tu– Nikamkatiza! Mimi, ambaye sijawahi kumkatiza hata muuza mbegu. Nikasema, asubuhi nimeona wekundu na sijui ni wa pipi au ni wangu. Nikasema, msinirudishe. Nisafisheni upya, nitakunywa dumu jingine, nitangoja hapa kutwa. Januari ni mbali.

Amekwenda kumwuliza daktari.

Geneva ameacha kufuma. Ameshika mkono wa koti langu, ameukamata kwa ngumi, na hauachii, kwa hiyo mwandiko huu ni mbaya. Nimemwambia ananibana. Amesema najua.

Mlango unafunguka – ni daktari mwenyewe, na nesi nyuma yake kabeba dumu jingine.