Mtoto Aliyefungiwa Stoo

Dada mpendwa,

Huku hatujambo. Cherehani yangu imepona, na wateja bado wananitania kwa kushona mlango ukiwa wazi hata mvua ikipiga.

Kule kliniki, kwenye kikundi chetu cha ushauri nasaha, mshauri anataka kila mmoja wetu asimulie yaliyompata kama hadithi ya mtu mwingine. Nikaanza: hapo zamani palikuwa na mtoto ambaye mama yake alimfungia stoo kila alipolia. Nikakwama hapohapo. Lakini usiku ule nililala.

Wiki ijayo ndugu wamealikwa kusikiliza. Mama anakuja, tena ameshamwambia mshauri, "Huyu tangu utotoni ni bingwa wa kutunga uongo." Nusura nimwamini.

Najua uliniomba nisimvue Mama nguo mbele za watu. Lakini nikiendelea, wenzangu watauliza mtoto alifunguliwa na nani. Nitasema ni dada yake, aliyepanda juu ya ndoo hadi akalifikia komeo. Halafu nitakutazama. Njoo, tafadhali. Ukinyamaza pale, nitarudi nyumbani nikiamini hapakuwa na stoo yoyote.

Mimi,
uliyemfungulia.