Tupu Si Hapana

Jumanne, 8 Julai

Ukungu tangu alfajiri. Mji wote hauonekani. Nimepanda kilima kwa kufuata milio ya bodaboda. Umeme upo.

Kazi ya leo: kuandika fanksheni ya ruhusa, kipande kidogo cha programu. Inapokea namba ya kundi la ng'ombe, inajibu kama kundi lipite kizuizini au lisipite. Bwana Gervas, mkuu wa mradi wetu wa mifugo, anataka rangi mbili tu kwenye simu za walinzi. Kijani na nyekundu. Nilimwambia safu ya chanjo kwenye kanzidata, hazina yetu ya taarifa, ina hali tatu: kweli, si kweli, na tupu. Tupu maana yake hakuna aliyejaza. Akasema walinzi hawana muda wa falsafa. "Tupu iwe hapana. Ndiyo salama."

Nimefanya. Badiliko dogo: kila tupu isomwe kama si kweli. Nimejaribu kwa makundi machache. Inajibu haraka. Nimeridhika.

Jumatano, 9 Julai

Imeanza kutumika. Kimya. Ndizi na maharage kantini. Mchana kutwa, ripoti ya maziwa.

Ijumaa, 11 Julai

Simu kutoka kizuizi cha upande wa Biharamulo. Nyekundu zimezidi.

Kuna mzee anaitwa Nkwabi, Msukuma, alihamia Biharamulo kutoka Shinyanga miaka mingi iliyopita. Yuko pale tangu jana na ng'ombe wake wote. Anawaleta huku Ngara kufuata maji na majani, kama anavyofanya kila kiangazi. Anasema wamechanjwa. Simu ya mlinzi inasema hapana. Zizi la kizuizi halina maji. Wanawabebea kwa madumu, hayatoshi.

Nimefungua kanzidata. Kundi lake ni tupu, mstari baada ya mstari. Alisajiliwa kabla safu ya chanjo haijaongezwa, na hakuna aliyemrudia kumuuliza. Wako wengi wa namna hiyo. Sikuangalia kabla ya Jumanne. Nilipaswa kuangalia.

Nimemwandikia Bwana Gervas. Hajajibu.

Jumamosi, 12 Julai

Si siku ya kazi. Nimeingia ofisini hata hivyo.

Nimempigia Editha, daktari wetu wa mifugo. Nikamuuliza kwa nini hajaenda kuwachanja wale ng'ombe, kama kweli hawajachanjwa. Akasema, "Huyo mzee kwenye orodha yangu hayupo."

Orodha hiyo naitoa mimi. Kila wiki naiuliza kanzidata swali lilelile: nipe wote ambao chanjo yao ni si kweli. Leo nimehesabu walio kweli, nikahesabu walio si kweli, nikajumlisha. Haifiki idadi ya ng'ombe wote. Walio tupu hawapo huku wala kule. Nikageuza swali: nipe wote isipokuwa walio kweli. Bado hawakutokea. Kwa kompyuta, kinyume cha tupu ni tupu. Nilifundishwa hilo chuoni, nikalijibu vizuri kwenye mtihani, nikalisahau.

Kwa hiyo kizuizini Mzee Nkwabi ni hapana, hapiti. Kwenye orodha ya Editha yeye si hapana, hafuatwi. Angekaa pale mpaka mvua.

Nina hasira. Sehemu kubwa ni juu yangu mwenyewe.

Jumatatu, 14 Julai

Ng'ombe mmoja wa Mzee Nkwabi amekufa. Alikuwa na mimba.

Bwana Gervas ameingia bila salamu. Wakubwa wamempigia. Akasimama nyuma ya kiti changu. "Geuza. Tupu iwe ndiyo. Wapite wote leo."

Ni kazi ya kufuta neno na kuandika jingine. Nikamuuliza, na kama kati yao wapo wagonjwa? Ugonjwa wa mapele ya ngozi ukiingia kwenye mazizi ya Bugarama, huku kwetu, tutasema nini?

"Ijumaa ulilalamikia hapana. Leo unalalamikia ndiyo. Unataka nini, binti?"

"Nataka mtu akawaangalie."

Akasema kama siwezi, atamtafuta anayeweza. Nikaondoa mikono kwenye kibodi. Nikaiweka mapajani. Editha alikuwa mlangoni, ameshasikia yote. Akasema chanjo ipo kwenye jokofu na pikapu ina mafuta. "Tunaondoka sasa hivi. Mimi na yeye." Bwana Gervas akatutazama, akatoka. Hakukataa.

Naandika haya wakati Editha anapanga barafu.

Jumanne, 15 Julai

Biharamulo, gesti. Vumbi hadi kwenye meno.

Jana tulifika jua likiwa bado juu. Mzee Nkwabi alikuwa amekaa juu ya dumu, mgongo kwenye uzio. Nikamwamkia, shikamoo. "Marahaba." Hakuinuka. Editha akamwambia huyu ndiye wa kompyuta. Akanigeukia.

"Mwanangu, hiyo mashine yenu iliniuliza lini?"

"Haikukuuliza, mzee."

"Basi imejuaje kwamba hapana?"

"Haikujua."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Nadhani tangu afike pale hakuna aliyempa jibu la moja kwa moja.

Tukaagiza maji kwanza. Leo kutwa Editha amekagua ng'ombe mmoja mmoja, mimi najaza kwenye simu. Karibu wote wana alama ya chanjo sikioni. Mzee anawaita kwa majina, nao wanakuja. Kuelekea mwisho tukafikia wachache wasio na alama. Mmoja ana vinundu shingoni. Hatukumuuliza mzee. Alisema mwenyewe: "Hao nimewanunua mnadani juzijuzi. Hao sijui."

Editha amewatenga, amechukua vipimo. Waliobaki anawaangalia tena kabla hajawaachia. Ningegeuza fanksheni jana, yule mwenye vinundu angekuwa njiani kwenda Ngara sasa hivi. Sina furaha yoyote ya kuwa sahihi. Nilikwenda kumwona yule aliyekufa, nyuma ya zizi, kabla hawajamfukia.

Alikuwa na alama sikioni.

Alhamisi, 17 Julai

Ngara. Fanksheni mpya imeanza asubuhi. Inarudisha majibu matatu: ndiyo, hapana, haijulikani. Nimeongeza rangi ya njano. Njano maana yake daktari aende siku hiyohiyo, na maji yapelekwe. Nimerekebisha na swali la orodha: nipe walio si kweli, pamoja na walio tupu. Orodha ya Editha imekuwa ndefu kiasi cha kutisha. Ameniita majina mabaya huku akicheka, kisha akaikunja akaondoka nayo.

Bwana Gervas amejibu barua pepe yangu kwa neno moja. "Sawa." Kwenye korido hanisalimii. Mkataba wangu unaisha Septemba na sidhani kama utaongezwa. Inaniuma, lakini si kama nilivyotarajia.

Kuhusu ng'ombe aliyekufa hakuna anayesema kitu. Nimeuliza kwa maandishi, mara mbili, nani atamlipa mzee.

Jumapili, 20 Julai

Misa ya kwanza. Nimefua. Jua zuri, nguo zimekauka mapema.

Mchana simu imeita, namba nisiyoijua. Mzee Nkwabi. Editha ndiye aliyempa namba yangu. Walimwachia jana. Wale wa mnadani wamebaki kizuizini, mkewe anawahudumia mpaka majibu ya vipimo yarudi.

"Tumefika mtoni," akasema.

Nikasema vizuri, mzee. Hakukata simu. Nikasikia kwato kwenye tope. Kisha maji, na ng'ombe wengi wanakunywa kwa pamoja, sauti nzito, bila kupumzika. Nikakaa kitandani na simu sikioni. Tukasikiliza hivyo, yeye kule na mimi huku, mpaka salio lake likaisha.