Tata, Gazeti Limetoka

Tata,

Mzee Kimanzi wa Kyuso alipiga simu yako tena. Simu iko kwangu, binti yako, naichaji kila Jumapili tukitoka kanisani. Alianza vile vile kama zamani, bila hata salamu: "Huku kumenyesha. Ya kufuta vumbi tu." Halafu akauliza uko wapi. Nikamwambia umelala. Ukiangalia vizuri si uongo, lakini niliposhusha simu nilikaa kwenye kiti chako nikalia kama mtoto, kwa sababu tulikulaza pale nyuma ya karakana kabla ndengu hazijavunwa, na yeye bado anakupa habari za mvua.

Unajua kwa nini sikumwambia. Ulinishika mkono pale hospitalini ukasema, "Nisitangazwe na redio. Nimetangaza watu wote wa huku, gazeti langu ndilo linitangaze." Nikaitikia haraka haraka. Nani angekukatalia wakati ule? Watu wa hapa Kathonzweni walikuzika wenyewe, hawakuhitaji tangazo. Lakini wasomaji wa mbali, wale wanaopelekewa gazeti na wachuuzi wa ndengu na mbuzi, kwao wewe ulikuwa hai mpaka gazeti liseme vingine. Na gazeti lilikuwa limekataa kutoka.

Wacha nikuambie yote, maana sijui huko mnapata habari kwa njia gani.

Unakumbuka mama, Mwaitu wetu, alivyoita ile mashine yako ya kuchapa mke mwenza? Bado anaiita hivyo. Juzi alipita mlangoni akaiangalia akasema, "Huyu alikaa na wewe kuliko mimi, na hata hakulia." Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Halafu akachukua kitambaa akaipangusa vumbi kwenye kiti cha baiskeli, pale ulipokuwa unakaa ukikanyaga pedeli. Mwaitu anajifanya mgumu tu.

Mimi naikumbuka kama kitu nilichoota. Nikiwa msichana nilidhani kila baba ana mashine aliyoitengeneza mwenyewe kwa baiskeli, mti na tyubu ya trekta. Ulichonga herufi moja moja, zimegeuka nyuma, na mimi nikazisoma hivyo kabla sijajua kuzisoma upande ule mwingine. Mwalimu alikuita shuleni kwa ajili hiyo. Ulirudi umefurahi, ukaniambia nitakuwa mpanga herufi. Ulisema mashine za kununuliwa hazikutengenezewa joto la huku, wino unazikaukia kabla ukurasa haujaisha, ndiyo maana ukaunda yako. Na kweli, ilichapa hata saa ya jua kali, kuku wakiwa wamelala chini ya meza.

Na ile kona ya juu ya ukurasa wa kwanza, mahali pa mvua! Ulikuwa unaiacha wazi mpaka dakika ya mwisho. Unatoka nje, unanusa, unapiga simu Kalamba, unapiga Kyuso, ndipo unapanga herufi. Ndiyo maana ukaliita gazeti Mvua na Mengineyo. Vijana wa stejini wananiambia ati siku hizi habari zote ziko WhatsApp. Nawaambia huko WhatsApp kunanyesha kila siku. Wanacheka, lakini siku ya soko bado waliniuliza gazeti liko wapi.

Sasa sikia mambo yalivyokuwa. Wiki ile ya matanga, akina mama wa kanisa walikuja kusafisha boma. Unawajua wakianza kazi. Walisugua sufuria, wakasugua milango, na walipofika karakana wakaonea huruma mashine yako ilivyokuwa nyeusi. Wakaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa kama sinia ya harusi. Waliondoa lile gunia lako la kuzuia vumbi, wakalifua pia. Niliwashukuru, Tata. Niliwapa hata soda.

Baada ya mazishi nikapanga tangazo lako, nikapaka wino, nikakanyaga. Woi! Katikati ilitoka weusi mtupu, pembeni hakuna kitu. Jina lako lilianza vizuri likapotelea kwenye doa. Nikapunguza wino, likatoka kivuli. Nikakaza nati, nikalegeza nati. Nikaisemesha mashine vizuri, halafu nikaitukana. Shida ni kwamba miaka yote hiyo mimi nilikuwa upande wa karatasi, wewe upande wa wino, nyuma ya gunia. "Usifunue, vumbi litaingia." Sikufunua. Nilijua tu kwamba wino unakuja, hivyo hivyo mtu anavyojua kwamba chai itakuja.

Mwanangu akaniambia, "Mami, si tupeleke tu mjini Wote wachape na kompyuta?" Ingekuwa rahisi. Nilikaribia kukubali. Nilifika mpaka pale dukani nikasimama mlangoni na karatasi yako mkononi, miguu ikakataa kuingia.

Ndipo ukaanza kunijia. Saa zile za mchana, joto limetulia juu ya mabati, nalala kidogo kwenye marobota ya karatasi, na wewe uko upande wako wa mashine. Huongei. Umenyoosha mikono yote miwili, unatikisa kitu nisichokiona, polepole, kama mtu anayechuja. Na nyuma yako ukuta haupo, kuna nchi tu, nyekundu, na mvua imesimama mbali haikaribii. Naamka nimefurahi, halafu nakumbuka. Nilimwambia Mwaitu. Akasema tusifuate ndoto, sisi ni watu wa maombi, tuombe. Tukaomba. Lakini alipomaliza kusema amina akaniuliza, "Alikuwa amevaa ile sweta?" Nikamwambia ndiyo. Akaenda kuangalia kuku.

Nilidhani una njaa, Tata. Usinicheke. Niliona unachekecha ndengu, nikapika ndengu, nikaita majirani wakala.

Halafu nikaenda matanga Kalamba. Alikuwa amefariki bibi mmoja wa ukoo wa shemeji yangu, nilimwona labda mara moja maishani. Nilipelekwa jikoni na wale wale akina mama wa kanisa letu, kusaidia. Unajua vyombo vya matanga vinavyozunguka: kila mtu anapaka sufuria yake rangi chini ili irudi nyumbani, na isiyo na rangi inakuwa ya kanisa. Basi mama mmoja alikuwa anaosha muthokoi, mahindi ya kukobolewa, ameumwaga kwenye chombo kirefu cha bati, anamiminia maji. Na maji yakatoka chini kwa mstari mmoja, mwembamba, sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Nilisimama na mwiko mkononi. Nikaona masikio ya kile chombo, ya waya wa spoku ya baiskeli, ya kuning'iniza. Nikachungulia kwenye kona ambayo majivu hayakufika, na kulikuwa na wino. Wino wako, Tata. Na yule mama akainyanyua ile bati kwa mikono miwili akaitikisa, polepole, vile vile.

Nililia kwa sauti. Nilikaa chini kwenye maganda ya viazi nikalia mpaka wanawake wakaacha kupika. Wakanizunguka, wakanishika mabega, "Pole mami, bibi alikupenda, amepumzika." Mwenye matanga akaletwa kuniona, akashangaa mpaka akalia upya. Ningewaambiaje kwamba nalilia chujio la muthokoi? Niliposema mwishowe, yule mama aliweka mkono mdomoni. "Haki, tuliikuta inaning'inia karakana tukadhani ni ya kuchuja! Imetuchujia matanga yote tangu ya baba yako." Hakuna aliyenilaumu na mimi sikulaumu mtu. Tulicheka kwa aibu, maiti akiwa bado nyumbani. Nadhani hiyo habari wewe ungeichapa.

Niliirudisha nimeikumbatia kama mtoto. Niliining'iniza kwenye kulabu zake juu ya rola, nikamimina wino, nikalirudisha gunia mahali pake. Mwaitu alikuja bila kuitwa, akapanda kwenye baiskeli. Tata, nakuapia, na goti lake lile! Alikanyaga bila kuniangalia. Nami nikaenda upande wa karatasi, kwa sababu sijui kusimama kwingine. Tangazo lako likatoka safi, hata nukta ya mwisho. Mwaitu alilisoma taratibu, na kidole. Akasema kama kungekuwa na picha, ingekuwa ile ya sweta.

Kabla ya kuchapa nakala zilizobaki nilimpigia Mzee Kimanzi. Nilimwambia ukweli, na nikamwomba msamaha kwa kukuficha. Nilimsikia akifukuza mbuzi. Kisha akasema, "Alikuwa ananiuliza mvua kabla ya kuniuliza hali, na sikuwahi kukasirika." Akakohoa. "Sasa wewe andika. Kyuso, imenyesha, maji yamesimama kwenye nyayo za ng'ombe."

Nikaiandika, chini kabisa ya pale jina lako lilipo.

Magazeti yameshaondoka na watu wa soko. Yale yaliyobaki nimeyafunga vile ulivyofunga. Lala sasa, Tata, usihangaike kuja mchana, ingawa ukija sitakufukuza. Gunia nitalifunua nijifunze huo upande wako. Na lile ulilowakatalia wakulima waliokusihi, na hata mchungaji alipotaka uwape watu matumaini kidogo, na mimi nitalikataa: sitaandika mvua ambayo haijanyesha.

Leo nilitoka nje nikanusa kabla ya kufunga ile kona ya juu ya gazeti lijalo. Mawingu yalikuwepo, mazuri sana, yamekuja mpaka juu ya kaburi lako. Nilingoja. Nikarudi ndani nikapanga: Kathonzweni, bado.

Binti yako wa upande wa karatasi