Rimu za Anas Zifike Riyadh

Bi Arafa, mshauri wetu, salamu nyingi kutoka Jeddah. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo nimeshindwa kulisema nyumbani, na naomba usinicheke kwa kuwa linahusu rimu za gari, maana hata mimi nilidhani ni jambo dogo mpaka lilipoanza kunikosesha raha.

Naitwa Mselem, asili yetu Unguja, nimezaliwa hapahapa Jeddah, mtaa wa Bani Malik, ila kazi yangu iko Riyadh na mke wangu Wafaa yuko huko. Nimelelewa na Mama Mkubwa Badriya, dada yake mama yangu, pamoja na mwanawe wa pekee, Anas, tukala sahani moja na kulala chumba kimoja mpaka tukaota ndevu, na tulipoanza kazi tukanunua magari ya spoti ya aina moja, ya milango miwili, langu jeupe, lake jeusi, ila yeye ndiye aliyekuwa na jicho, akazitoa rimu zilizokuja na gari akatafuta nyingine kubwa zaidi, nyeusi, zenye vijiti vyembamba, na katika kuzichagua alituchosha sote kwa picha na maswali. Kabla ya Ramadhani iliyopita alipata ajali baada ya Taif, lori lilisimama ghafla mbele yake, alikuwa anakuja kwangu, akafariki palepale, Mungu amrehemu.

Baada ya hitima ya arubaini nguo za marehemu ziligawiwa kama ilivyo ada yetu, huyu kanzu, yule saa, na Mama Mkubwa akaniita kando akaniambia changu kipo lakini hakimo kabatini. Nikampeleka alikotaka, kwenye yadi ya magari yaliyokufa, wenyewe huku huiita tashlihi, na gari la Anas lilikuwapo, mbele limekunjika lote, wala hakulia, alimwangalia tu mwenye yadi akaniambia, "Mwambie azifungue zote nne. Ni za mwanangu." Kisha akanikabidhi mbele ya wafanyakazi wale. "Anas alikuwa akenda kwako, hakufika. Hizi tia kwenye gari lako, na mimi unipakie, tuzifikishe Riyadh. Njia ile nataka niimalize mimi." Bi Arafa, ungekuwa wewe ungejibu nini? Nilisema inshallah, Mama.

Nikazipeleka Al-Mahjar kwa fundi wetu Duncan, Mkenya, akazivalisha tairi mpya akazifunga, na kwa vile gari zilikuwa ndugu matundu yalikaa bila shida, na nikiri kwamba gari lilipendeza na nilifurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi. Rimu zangu za asili nikazipandisha na tairi zake juu ya paa la nyumba ya Mama Mkubwa, zipo huko mpaka leo. Yeye naye kila baada ya alasiri hushuka na kigoda chake na kipande cha kanga kikuukuu, akazifuta moja baada ya moja, na akifika ya mbele kushoto hukaa sana, kwa sababu ina mkwaruzo ambao Anas aliupata kwenye ukingo wa barabara siku aliyompeleka mama yake duka la dawa kuchukua vidonge vya presha, na siku hiyo Mama alimgombeza kwa haraka zake, sasa huupitishia kidole gumba.

Tatizo lilianza kwenye barabara ya Madina, nikikoleza mwendo usukani ukawa unatetemeka mikononi, na ile ya mbele kushoto ikawa kila nikiamka imepungua upepo, nikarudi kwa Duncan, akaifungua, akaivua tairi, akanimulikia kwa ndani. "Bosi, siwezi kukudanganya. Hii imecrack, iko na ufa hapa nyuma. Na ile ingine ya mbele imepinda. Naeza kuipigia welding na hakuna mtu atajua, lakini highway na hii joto, mimi sitaki kuapa." Nikamwambia airudishe vilevile aijaze upepo, nifikirie kwanza, na ndivyo ninavyoendesha mpaka sasa.

Likizo yangu inakwisha wiki ijayo na Mama Mkubwa ameshafunga begi. Wafaa ananiambia kwa simu niache gari Jeddah tupande ndege, niseme limeharibika, na huyo Wafaa mwenyewe mpaka leo hajakitandua kitanda cha wageni alichomtandikia Anas. Mimi nilipita duka moja nikakuta rimu za mfano uleule, mpya, huwezi kuzitofautisha, nikazinunua nikazificha kwa Duncan, nikawaza nizibadilishe Mama asijue, ila zinakosa ule mkwaruzo, basi jana nilichukua jiwe nikaanza kuikwaruza moja, nikapiga mara mbili hivi, mkono ukagoma. Nikimwambia ukweli naogopa nitakuwa nimemzika mwanawe mara ya pili, nikinyamaza naogopa zaidi. Niambie nifanye lipi.

Mselem, Jeddah

Bi Arafa anajibu

Mselem, pole. Pole kwa ndugu yako, na pole kwa mama huyo aliyekwenda tashlihi kwa miguu yake mwenyewe. Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikainuka, nikarudi kuisoma tena.

Haya, tumelia, sasa nikugombeze. Gari hilo uliegeshe leo. Sisemi wiki ijayo, wala ukishapata la kumwambia Mama. Fundi amekumulikia ufa kwa taa, nawe ukamwambia airudishe aijaze upepo, ukaingia barabarani na wake za watu na watoto wa watu wanapita ubavuni mwako. Huzuni haikupi ruhusa hiyo. Na ya kuchomelea usiifikirie kabisa, hiyo si sufuria.

Kosa lenu naliona, na ni kosa la watu wenye mapenzi. Mmezigawa rimu kama mnavyogawa kanzu. Kanzu ya marehemu ikifumuka bega unaishona na unaivaa Ijumaa, ikifumuka tena hakuna anayekufa. Rimu iliyotoka kwenye ajali imeshapokea pigo lake, na hata zile za nyuma zinazoonekana nzima mimi nisingempakia mtu juu yake. Mama hakujua hilo. Hakuna aliyemwambia. Wewe sasa unajua, kwa hiyo kumwambia ni wajibu wako.

Jiwe hilo litupe. Mkwaruzo ule ni wa Anas na mama yake, wa siku ya vidonge vya presha, na mama huyo akiupitishia kidole anajua anachokigusa. Ulitaka aje ashike kazi ya jiwe lako na kumlilia mwanawe hapo? Mkono wako ulikuwa na akili kuliko wewe. Rimu mpya zirudishe dukani, na hiyo uliyoichezea wakiikataa, ndiyo adabu yako. Wafaa naye namwelewa, anataka mumewe afike salama, lakini ndege yake imebeba uongo uleule.

Mwambie hivi. Usimwambie kwa simu wala mezani mkiwa mnakula. Mchukue kwa teksi mpaka Al-Mahjar, gari likiwa limeshavutwa huko na Duncan awe ameshaifungua rimu na kuivua tairi, mwekee Mama kiti, mmulikie. Mwache apitishe kidole gumba kwenye ufa kama anavyokipitisha kwenye mkwaruzo. Kisha sema, "Mama, hizi zilimbeba Anas mpaka zikavunjika. Sikubebi wewe juu yake." Halafu nyamaza. Akilia, alie. Kule yadini hakulia, unakumbuka, umeniandikia mwenyewe. Hayo machozi yana haki ya kutoka, nawe usijifanye ndiye uliyeyaleta.

Kwenye gari urudishie rimu zako za asili pamoja na nati zake, maana nati za rimu nyingine huenda zisikae vizuri. Zile tairi zilizokaa juu ya paa zimepikwa na jua la Jeddah, usiziamini, nunua nyingine za kipimo kilichoandikwa mlangoni mwa gari, na kabla hujalipa angalia namba nne zilizopigwa ubavuni, mbili za mwisho ni mwaka ilipotengenezwa. Tairi mpya dukani inaweza kuwa kizee. Duncan azipime mzani ili zisitetemeshe usukani, akaze nati kwa kuruka upande na upande, amalizie kwa spana ya kipimo, na mkifika Taif zikazwe tena. Upepo upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi. Usichague kwa kupendeza safari hii.

Na safari nenda nayo. Mama huyo neno lake kubwa lilikuwa kufika, na kufika kunawezekana. Ile rimu yenye ufa na mkwaruzo iviringishe kwenye kanga yake ile ya kufutia, uitie kwenye buti. Ilimbeba Anas, sasa nyinyi muibebe. Mkipita pale baada ya Taif usisimame pembeni mwa barabara, malori hayana huruma. Ingia kituo cha mafuta cha mbele, mteremshe Mama, mumsomee Anas Fatiha kwa utulivu, mnywe chai, muendelee.

Nimebakiza moja. Barua yako ndefu, na yote ni machozi ya Mama, presha ya Mama, kidole cha Mama. "Alikuwa anakuja kwangu" umeliandika mara moja tu, ukalibana baina ya lori na kifo, ukapita mbio. Mama alilisema wazi mbele ya watu wa yadi, na hakulisema kwa lawama. Wewe ndiye unayejilaumu, na ndiyo maana ufa wa rimu umekushinda kuutaja, kwa sababu unaona kama safari ile umeiharibu wewe. Hukuiharibu. Ulikuwa unamngoja ndugu yako, basi.

Sasa mpigie Wafaa, mwambie kitanda cha wageni asikitandue. Mkifika, rimu iingie ndani kwanza, uiweke ubavuni mwa kitanda hicho, na usiku huo alale hapo mama yake Anas.