Zambarau Isiyo na Seli

Dada yangu,

Hamjambo hapo? Mimi mzima, ila situlii. Koti jipya la maabara linanipwaya, na dereva atakayekuletea barua hii yuko mlangoni ananipigia honi.

Hupokei simu zangu tangu tugombane juu ya dawa ya mizizi anayokunywa mama. Wewe ulisema ni sumu. Mimi nikajitia mjuzi, nikaipima kazini. Unatia dawa kwenye seli zilizo katika vishimo vya kisahani cha plastiki, kisha rangi ya njano. Seli zilizo hai huigeuza zambarau. Ikawa zambarau tupu. Nikamwambia mama, “Kunywa tu.”

Leo nimetia dawa na rangi kwenye kishimo kisicho na seli hata moja, jambo nililopaswa kufanya tangu mwanzo. Ikawa zambarau vilevile! Kumbe dawa yenyewe ndiyo inayogeuza rangi. Nikazichungulia kwa hadubini zile seli za vishimo vingine nilizotia dawa: zimekufa zote.

Nimempigia mama, akacheka. “Si wewe mtaalamu uliyesema ninywe?”

Hanisikii, dada. Nenda kamnyang'anye kikombe. Matusi yangu niwekee, nitakuja kuyachukua.

Mdogo wako, yule mtaalamu.