Kwa Nini Mama Hakuja Kuwabeba Mapacha

Ghorofa ya pili,
Juu ya duka la vioo.
Jumapili mchana, mwezi wa Juni.

Mpendwa Dada Kidoti,

Shikamoo, dada yangu. Hujambo huko? Shemeji hajambo? Na hao wageni wawili waliokuja pamoja bila kupeana nafasi, wanalala sasa, au bado wanapokezana kulia? Picha uliyotuma nimeibandika kwenye mlango wa jokofu. Yule wa kushoto kanuna kama hakimu aliyeamshwa usingizini. Kila nikifungua kuchukua maziwa lazima nimwombe radhi.

Sisi huku hatujambo. Mama Mkubwa, mama yako, ni mzima, na neno hilo nalirudia: mzima. Goti alilokwambia linamzuia kusafiri halina neno. Jana kapanda ngazi hadi kwangu na kikapu mkononi, na nilipomfungulia mlango mimi ndiye niliyekuwa nahema.

Ndiyo maana nakuandikia. Uliniandikia kwamba mama anayetaka kuwaona wajukuu wake angekuja hata kwa magongo, na kwamba hutamwuliza tena. Nilisoma maneno hayo nikashindwa kumaliza chai. Dada, Mama hakukataa kuja. Aliyemzuia ni mimi. Yeye aliniomba nisikwambie, nami nikakubali upesi, kwa sababu uongo ule wa goti ulinisitiri mimi kuliko yeye.

Kazi yangu unaijua. Watu wanaokaribia kustaafu huja ofisini, nami naingiza mishahara yao ya miaka yote kwenye programu ya kompyuta, nayo inawaonyesha wataishije baada ya kazi. Mama alikuja mwaka jana, kavaa viatu vyake vya kutokea, akawaambia wenzangu, "Huyu mnayemwona na tai, kufunga kamba za viatu nimemfundisha mimi." Wakacheka. Nami nikataka aone kijana wake ameiva. Vidole vikawa vinakimbia kuliko akili.

Akanitajia kazi zake zote, tangu ile zahanati ya shirika la hisani mlipokuwa mnaishi nyuma ya stendi, hadi chumba cha kufulia cha hospitali kuu alikokuwa mkuu. Kwa kila kazi, programu ina kijisanduku kinachouliza kama mshahara ule ulikatwa mchango wa pensheni au ulisamehewa makato. Ukikiacha kilivyo, inachukulia kwamba ulikatwa. Nilikiacha kilivyo kote. Sikumwuliza. Tulikuwa tunapiga soga.

Kumbe zahanati ile ilisamehewa. Mama alikuwa akipokea mshahara wake mzima mzima, hakuna kilichokwenda kwenye mfuko wa pensheni, na miaka ile yote haimo kwenye pensheni yake. Programu yangu ikaihesabu kama imo. Mstari ukapanda vizuri kwenye kioo, wa kijani kabisa, nami nikajitia uganga. "Mama Mkubwa," nikamwambia, "pumzika sasa. Nenda kakae na mwanao." Akapiga makofi kama mtoto.

Wiki ileile aliomba kustaafu mapema. Wenzake wakamuaga palepale kati ya mashine, soda mkononi, mvuke umejaa chumbani. Funguo za stoo akamkabidhi msaidizi wake, binti aliyemfundisha kazi mwenyewe. Akanunua uzi, akaanza kufuma soksi ndogo.

Tukaja kwenda pamoja ofisi ya mfuko kufuatilia malipo. Karani, kijana mpole tu, akageuza kompyuta ili tuone. "Mama, kwa miaka hii ya zahanati hatuna chako."

Mama akanitazama mimi, hakumtazama karani. Wala hakuwa na hasira, Dada. Alikuwa anasubiri nimwambie kijana yule kwamba amekosea. Hadi leo nikikaa kwenye kiti changu cha ofisini naona macho yale.

"Hajakosea," nikasema. "Nimekosea mimi."

Tulikaa kwenye ngazi za nje, nikamweleza. Akawa anakunja mkanda wa mkoba wake na kuukunjua. Kisha akasema, "Mshahara wa zahanati ndio uliomsomesha Kidoti chuo. Sasa nadai pensheni gani tena? Nilishaila. Huko iliko imezaa mapacha." Akacheka peke yake. Halafu akaniambia, kwa sauti ya chini sana, "Lakini mwanangu, ungeniuliza tu."

Ingekuwa heri kama angenichapa.

Kilichobaki hakimtoshi kuishi. Akarudi hospitali. Nafasi yake imeshachukuliwa, wakampa mkataba wa mwaka wa kukunja mashuka, chini ya yuleyule binti. Binti anaona haya hata kumtuma. Mama anamwita "Bosi" kwa sauti, mbele ya watu, ili wengine wasimdharau. Mkataba hauna likizo ya kutosha kusafiri. Hilo ndilo goti lenyewe.

Mkuu wangu nilimwambia kila kitu. Hakunifukuza. Alisema tu kwamba mashine haioni aibu, mwenye aibu ni anayeibonyeza. Siku hizi mtu akikaa mbele yangu, kabla sijagusa chochote namwuliza: kuna kazi uliyofanya mshahara ukawa haukatwi? Niliowapangia zamani nao nimewarudia mmoja mmoja. Dereva mmoja alikuwa karibu kabisa kuacha kazi kwa hesabu zangu. Alinishika mkono akanishukuru mno, nami nikatamani ardhi inimeze, maana Mama hakupata mtu wa kumzuia namna hiyo.

Nimejaribu kumwongezea kutoka mshahara wangu, kakataa katakata. Jana ndipo alipoleta kikapu. Ndani mna soksi, kofia na mablanketi mawili. Akakitua mezani. "Wewe una likizo. Utakwenda wewe, mjomba mtu. Ukafue nepi mpaka mwanangu apate usingizi." Akanishikisha mto wa kochi anifundishe kushika kichwa cha mtoto. Nikauangusha. Akauokota, akaupangusa, akanirudishia. "Tena," akasema.

Likizo nimepewa, naweza kufika mwezi ujao. Ila siwezi kuja kuwapakata wanao wakati wewe hujui nilichomfanyia mama yako. Ukisema nisije, nitaelewa, na kikapu nitakituma. Lakini hata ukinikasirikia mimi, mpigie yeye. Mchana ndio huwa anapumzika. Anakaa karibu na simu akijifanya anatafuta miwani.

Mama yangu anakusalimu sana. Babu Redio naye, redio yake sikioni kama kawaida, anasalimu, na anauliza kama huko taarifa ya habari mnaipata. Msalimie Shemeji, wabusu wadogo kwenye nyayo. Mungu awape nguvu ya kukesha, na awakuze wanao mbele ya macho ya bibi yao.

Ndugu yako akupendaye, na anayekuomba msamaha,

Mjomba wa mapacha