Kamba ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa kuwa hapa sina wa kumwuliza, mimi ni Filomena wa Lutindi, nimeolewa huku karibu na Kwamsisi, na tangu tuhamie kijiji kipya cha ujamaa nyumba zimepangwa mstari mmoja lakini majirani siwajui, mume wangu Hiza aliondoka katikati ya Juni kwenda kukata mkonge Korogwe, siku zangu nilikuwa nimezikosa nikadhani ni uchovu wa kuhama, mwishoni mwa Septemba mtoto akacheza tumboni mara ya kwanza, nikafurahi nikamwambia mama mkwe, Mama Paulina, naye akafunga fundo kwenye kamba, na kila mwezi unapoandama huongeza jingine, sasa anasema mbele ya watu, "Mtoto kaingia Septemba, mwanangu yuko kwenye mkonge tangu Juni. Huyu kapita dirishani?" Wanawake wanacheka, nikifika kisimani wanajitwisha ndoo na kuondoka, Hiza anarudi Krismasi na mama ameapa nitarudishwa kwetu, mshauri, sijamjua mwanamume mwingine, ila hesabu ya kamba siwezi kuijibu, siku hizi naongea peke yangu jikoni.

Mwanangu Filomena,

Kosa la wengi ni kudhani mtoto huanza siku anapocheza. Siku hiyo ni ya mama kumsikia tu. Mtoto mwenyewe alikuwapo tangu zamani. Mwezi wa kwanza ukiisha yu kama punje ya mtama, na moyo umeshaanza kudunda. Mwezi wa tatu ana vidole na anarusha miguu, ila ni mdogo mno, humsikii. Kwa mimba ya kwanza, teke husikika karibu na mwezi wa tano. Sasa rudi nyuma kutoka Septemba: unafika Mei, na Mei Hiza alikuwa nyumbani. Mafundo ya mama ni sahihi, ila ameanzia katikati ya safari.

Nawe usijione huna kosa. Ulikosa siku zako ukanyamaza, tumbo limekua, na zahanati hujaikanyaga! Ungepimwa mapema, nani angekuuliza habari za dirisha? Mama mkwe hesabu alifundishwa hivyo, namsamehe. Kukucheka hadharani simsamehe.

Na huko jikoni huongei peke yako. Umri alio nao sasa, mtoto anasikia sauti yako.

Leo hii mwamkie mama mkwe, mwombe achukue kamba yake, mwende pamoja zahanati, mkunga akupime yeye akiona.